Rakaa Mbili Alizonituma Bibi

Alhamisi moja ya mwaka 1998, saa tisa alasiri, darasa letu la Kihispania kutoka Maryland liliingia msikiti wa kale wa Wamori, Waislamu waliotawala Hispania zamani, ambao siku hizi ni kanisa. Tulikuwa tumeshavuka daraja la Warumi juani, miguu sina. Lakini kule nyumbani Lanham Bibi alikuwa amenipa mtandio wake na kunituma: "Mjukuu wangu, sali rakaa mbili mle, uniombee."

Nilipofunga mikono tu, mlinzi akaja akitikisa kidole. Darasa zima likageuka. Nikaona haya, nikatoka.

Jioni nikampigia Bibi simu.

"Ee! Wamekufukuza na mtandio wangu kichwani? Basi, Mungu kaona nia. Kalale."

Sikuridhika. Asubuhi yake, wenzangu wakikoroma, nilitandika taulo la hoteli sakafuni, nikazisali zile rakaa mbili.