Kofia ya Mon Père Imeua Cowboy

Bandugu, leo mon père, padri wetu wa mission, ameua cowboy. Mbele ya macho yetu!

Munajua vile sinema ya mission inaendaka kila dimanche, siku ya Mungu. Frère, bruda wa mission, anaendesha mashini ya sinema, mon père anasimama pembeni na kofia yake mukononi. Cowboy akiua batu, mon père anatulia. Cowboy akisogelea mwanamuke, kofia inafunika mwangaza wa mashini, na ukuta unakuwa giza.

Leo cowboy, kijana mwenye mashavu laini kama hajakula bukari, ugali wetu, hata siku moja, alimaliza nusu ya kijiji kwa risasi. Mon père akapiga makofi. Halafu mwanamuke mwenye nywele za manjano kama mahindi akafungua mulango.

Kofia!

Tukasikia violon, muziki ya mapendo. Tukangoja. Violon tena. Kumbe busu ya Hollywood haina haraka!

Halafu bunduki: pa!

Mon père akaondoa kofia mbio. Cowboy iko chini, amekufa. Mwanamuke analia.

Nani alimuua? Mwenye aliona aniambie, miye niliona kofia tu.

Jirani yangu, Mama Kalenga, akasimama: “Mon père, rudisha nyuma tuone muuaji!”

Mon père akawa mwekundu kama nyanya. “Haiwezekani, mama. Kule nyuma iko busu.”

Salle nzima ya sinema ikacheka. Mama Kalenga hakucheka.

“Basi, mon père, uambie bale ba Hollywood bapendane kwa bunduki. Ndio tutaona sinema yote.”