Mkono Ulioachwa Hewani

Mimi na shemeji yangu kinyozi damu zetu haziivani, na sifichi. Amemwoa mdogo wangu, basi. Bila hilo hata jina lake nisingelitaka mdomoni.

Yalianza kwenye msiba wa mama, miaka mitatu sasa. Alikuwa amesimama ukumbini anaongea na watu. Nikamwendea kwa upande wake wa kulia, nikampa mkono. Mwanamume akaendelea kuongea! Mkono wangu ukabaki hewani mbele ya ukoo mzima, mpaka shangazi akaushika kwa huruma akaushusha. Loo! Siku ya kumzika mama yangu!

Kuanzia hapo nikawa nakusanya kesi zake. Wala hazikuwa adimu. Leo amempita jirani njiani kama hamjui, kesho amemkumba mama mjamzito sokoni, keshokutwa amepiga teke ndoo ya watu na maji yote chini. Kila nikiletewa mpya nampigia mdogo wangu simu: "Mumeo anajiona nani?" Kabla hajajibu, nazidi kumpa vidonge vyake.

Kazi yangu ni uuguzi, kliniki ya macho. Kila asubuhi nasimama mbele ya mabenchi ya wagonjwa na jicho la plastiki lenye ukubwa wa nazi, nalifungua kipande kipande. Hii konea, kioo cha mbele. Hii mboni, tundu la kuingizia mwanga. Nyuma yake lenzi. Ikiingia ukungu ndiyo mtoto wa jicho, na huyo anatolewa, msiogope. Huku nyuma kabisa ni retina inayopokea picha, na huu ni mshipa unaoipeleka kwenye ubongo. Hapo nakaza sauti, maana wengi huwa wameshaanza kupiga miayo.

"Maji ya ndani ya jicho yakikosa pa kutokea, presha inapanda na kuua mshipa huu taratibu. Hakuna maumivu. Unaanza kufa uoni wa pembeni. Mtu anagonga milango, anakumba watu, lakini herufi za ukutani anazisoma zote. Na kilichokufa hakirudi hata tufanyeje. Mkiona dalili kwa ndugu yenu, mleteni mapema!"

Miaka kumi na mmoja nasema maneno hayo. Nayajua hata usingizini.

Jumatatu mdogo wangu akanifuata kazini, macho yamemvimba kwa kulia. Mumewe amemkata mteja sikio, wa pili mwezi huu. "Dada, nakuomba, mpime. Macho yakienda, ukinyozi umekwenda. Nyumba nzima inategemea ule mkasi."

"Kapimwe adabu kwanza," nikamjibu. Lakini akamleta.

Kuingia tu, akagonga bega kwenye fremu ya mlango.

"Taratibu," nikasema, "huo mlango ni wa serikali."

"Sikuja kwa hiari, shemeji. Huyu mke wangu ndiye king'ang'anizi."

Nikamsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Akazisoma zote, jicho moja moja, mpaka mstari wa mwisho ambao hata mimi siusomi bila miwani. Kisha akanigeukia na kicheko cha kebehi. "Umeridhika? Au ulishaniombea upofu?"

Roho ikanichafuka. Nikachukua kadi yake nikaandika *anaona vizuri*, nikamtupia mezani. "Nenda zako. Macho mazima, kumbe ni jeuri tu."

Mdogo wangu alikuwa kasimama mlangoni. "Dada, ndiyo vipimo vyote hivyo?"

Havikuwa vyote. Kilibaki kimoja, na kwa hicho simruki mgonjwa yeyote aliyevuka arobaini. Huyu nilikuwa nimemruka kwa chuki, niseme ukweli.

"Kaa," nikamwambia. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana. "Niangalie puani, usihamishe macho. Mkono wangu utatokea pembeni. Ukiuona tu, sema."

Akanikazia macho kwa chuki yake yote, hapepesi hata kope. Nikainua mkono upande wake wa kulia, usawa wa sikio, nikachezesha vidole. Kimya. Nikausogeza mbele, polepole, kama nifanyavyo kwa kila mtu. Wengine huwa wameshasema zamani. Nikausogeza tena. Mdogo wangu akajiziba mdomo. Yale ya ukumbini yakanirudia yote: upande uleule, mkono uleule, na mimi miaka mitatu kwenye simu namtukania mumewe, na mshipa unakufa.

Vidole vyangu vilikuwa vinacheza shibiri moja kutoka shavuni kwake.

"Sasa anza basi, shemeji," akasema. "Nina wateja wananisubiri."