Kigoda cha Mgeni

Juzi stendi ya Nyegezi alishuka mwanajeshi kijana, begi la kijani mgongoni, anarudi kutoka kulinda amani nchi jirani. Mkewe alikuwa akimsubiri na binti yao wa miaka kama minne. Yule baba akachuchumaa, akatanua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake, akatoa kichwa tu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Njoo basi, mimi ndiye baba."

Mtoto akakataa kwa kichwa. "Baba yuko kwenye simu."

Tukacheka, wapiga debe kuliko wote. Yeye hakucheka. Alibaki amechuchumaa, mikono ameitanua vilevile, na mimi kicheko kikanikauka.

Maana nilikuwa na umri kama huo baba yangu aliporudi Misungwi kutoka vita vya Kagera. Enzi hizo baba hakukaa kwenye simu. Alikuwa hayupo, basi. Mama alikuwa shambani. Nikaona mwanamume mwenye ndevu anaingia uani, nikamfanyia kama nilivyofundishwa kumfanyia mgeni yeyote: nikamwamkia, nikamtolea kigoda, nikamletea maji ya kunywa.

"Baba hayupo," nikamweleza. "Yuko vitani."

Aliyanywa maji yote taratibu, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Basi nitamsubiri," akasema.

Nikaketi chini, kando ya kigoda chake, tukamsubiri wote wawili.