Lango la Mlimani na Kaka Aliyekufa

Shizue alikuwa mtengeneza tofu, yaani jibini la soya, tena mjane, na mwoga ambaye sijaona mfano wake. Gari la maiti likipita alificha vidole gumba, ambavyo kwetu huitwa vidole vya wazazi, ndani ya ngumi ili wazazi wake wasife, na wazazi wenyewe walishazikwa zamani. Mimi, mwenye nyumba ya wageni chini ya mlima, nilimcheka kila mwaka alipokuja kuhiji. Alinijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Mwaka ule sikucheka. Binti yake Mitsue, ambaye mimba zake zote za nyuma ziliharibika, alikuwa hospitali, uchungu umemshika. Shizue alitaka kumwombea kwa mungu wa mlima. Nilimvika nguo nyeupe za mahujaji, tukapanda na mzee Genzo, kiongozi wetu, katika ukungu mzito.

Tulipofika mbele ya lango la hekalu, simu ya Shizue ikaita. Kaka yake amekufa.

Akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Aliyefiwa halipiti lango lile, asije akampelekea mungu uchafu wa kifo.

"Nikiingia, mtoto atakufa," alisema. "Nisipoingia, nani atamwombea?"

"Mwombee hapa hapa nje," nikamwambia. Hofu yake ilishaniingia. Niliogopa hata kumshika mkono.

Genzo akaguna. "We mama, hebu jitazame. Umevaa nini?"

"Nguo za kupandia mlima."

"Sanda hiyo! Tangu asubuhi wewe maiti, mpaka utakaposhuka. Maiti anafiwa na nani? Pita bwana, tunalowa."

Maneno hayo huwaambia wageni wote, na mimi huyasikia tu. Shizue aliyashika. Akainama, akapita. Mbele ya hekalu akapiga makofi mawili, lakini viganja vyake vilikutana bila sauti, kama tufanyavyo msibani. Nikajua bado anaogopa.

Simu ikaita tena. Hakuthubutu kuipokea, akanisukumia mimi. Nilipoipokea, kilio kikatoka, kikali, hata yeye akakisikia. Akaketi chini kwenye changarawe, vidole gumba ndani ya ngumi.

"Nani tena amekufa?"

"Hakuna, dada," nikasema, nami machozi yananitoka. "Huyo ni mjukuu wako."