Mbwa wa Mke Wangu na Uzio wa Matete

Mke wangu alivuka ziwa mwanzoni mwa kiangazi kwenda kumuuguza mama yake, na neno la mwisho aliloniambia pale boti zinapopakia halikuwa juu yangu.

"Ile imbwa," alisema, mguu mmoja tayari ndani ya maji, kitenge amekikunja mpaka magotini. "Usiiache itoke mu lupango."

"Haitatoka," nilimjibu.

Lupango kwetu ni ua wote wa nyumba, pamoja na choo, kisima na kila kilichopandwa ndani yake. Lupango wetu haukuwa wetu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili na baraza kwa mama mmoja mjane, Mbemba kwa kabila, aliyeishi nyumba ya pili ndani ya ua huohuo na kukausha samaki. Sisi ni watu wa ng'ambo, Wakongo. Tulifika Zambia tukakaa Mantapala, kambi ya wakimbizi, tukalima mihogo miaka kadhaa. Tulipopata ruhusa ya kuhamia Nchelenge mjini, niliweka cherehani yangu barazani nikarudia kazi niliyoijua, ushonaji. Mke wangu alitoka kambini na kikapu cha mihogo kichwani, na juu ya mihogo alikuwa amekaa mbwa mdogo wa rangi ya mchanga. Nilimwambia kwamba mjini mbwa ni taabu. Aliongeza mwendo.

Mbwa yule alikua. Akawa na miguu mirefu na kiuno chembamba, na macho yasiyotulia mahali pamoja hata kwa muda wa kutunga uzi. Lakini mke wangu alipokuwepo sikumwona kama tatizo. Asubuhi alikuwa nje, mchana amelala chini ya meza yangu juu ya vipande vya nguo. Nilidhani hiyo ndiyo tabia yake.

Siku ya pili baada ya mke wangu kuondoka, alichimba chini ya uzio akatoka. Uzio ule ni wa matete yaliyofungwa kwa kamba za magome, na udongo wa kwetu karibu na ziwa ni mchanga mtupu. Nilimkuta barabarani akikimbizana na baiskeli iliyobeba magunia ya makaa. Nilimrudisha kwa kumshika ngozi ya shingo, nikaziba shimo kwa mawe. Kesho yake alichimba pembeni ya mawe. Nikaleta mawe mengine. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa nimezungusha mawe upande mzima wa barabara, na nyonga yangu, ambayo imeharibika kwa miaka ya kukanyaga cherehani, ilikuwa inaniuma mpaka nikikaa.

Alipoona mawe, aliacha kuchimba akapanda. Alirukia kwanza ukuta wa choo, kutoka pale juu ya matete, kutoka pale nje. Nikakata matawi ya miiba nikayapanga juu ya ukuta wa choo. Baada ya hapo akawa anapita mlangoni. Mteja akifungua geti la mabati, yeye yuko kati ya miguu yake kabla mteja hajasema hodi. Mama mmoja aliyekuja kupima gauni la harusi ya dada yake aliangushwa kitako mchangani. Alinyanyuka, akajipangusa, akaenda kwa fundi mwingine.

Nilitafuta mnyororo. Nilimfunga kwenye mpapai. Akauzunguka na kuuvuta siku nzima mpaka mpapai ukaanguka na mapapai mabichi manne. Nikamfunga kwenye mguu wa meza ya cherehani, nikifikiri kwamba karibu nami atatulia. Mbuzi akapita nje. Meza ikaondoka na mimi nikiwa nimeshika kitambaa chini ya sindano. Sindano ilivunjika, na ncha yake niliitoa kwenye kidole changu kwa meno.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa mama mwenye nyumba. Yeye hutandaza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya nyavu kuukuu katikati ya ua wakauke juani. Mbwa akikosa njia ya kutoka, alikuwa anakimbia kuzunguka, na kila mzunguko ulipita juu ya chisense.

"Batata!" mama yule alikuwa akiniita, yaani baba, kwa heshima ya Kibemba hata akiwa na hasira. "Batata, imbwa yenu!"

Kibemba changu ni cha sokoni, na Kiswahili chake ni cha kuuza samaki. Neno imbwa tulikuwa nalo wote wawili, maana kwao na kwetu ni lilelile, na miezi ile nadhani hatukusemezana neno jingine. Niliinama nikachambua mchanga kutoka kwenye samaki wake, mmoja mmoja. Yeye alisimama juu yangu mikono kiunoni. Hakunifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenifukuza.

Mke wangu alipiga simu kila Jumapili, mtandao ukikubali. Aliuliza juu ya mbwa, nami nikamwambia mzima. Aliuliza, "Anatoka?" nikamwambia hapana. Mama yake alikuwa hali chakula kigumu tena. Sikuona sababu ya kumwongezea mzigo, na pia nilikuwa na aibu. Mtu mzima, baba wa watoto waliokwisha kuoa, ameshindwa na mbwa.

Kisha likaja gari jeupe lenye kipaza sauti. Lilipita polepole barabara yote kutoka boma, penye ofisi za serikali, mpaka Kashikishi, na mama mwenye nyumba alinieleza maneno yake kwa vidole na kwa Kiswahili chake kidogo. Mtoto ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Kuanzia Jumatatu, mbwa atakayekutwa nje atapigwa risasi. Alinyoosha kidole kama bunduki, akamwelekezea mbwa wetu, kisha akakishusha haraka kama mtu aliyefanya jambo baya.

Mbwa wetu alikuwa amechanjwa, karatasi ninayo. Lakini mbwa hatembei na karatasi.

Jumamosi na Jumapili zile sikushona na sikwenda kanisani. Nilikata matete mapya mtoni nikayabeba begani safari tano. Niliongeza urefu wa uzio, nikazika wavu wa zamani chini yake, nikageuza geti lifungukie ndani. Mama mwenye nyumba alinishikia kamba. Mbwa alilala kivulini akatutazama, ulimi nje, kama bwana mwenye shamba. Jumapili jioni nilizunguka lupango mzima nikisukuma uzio kwa mkono, na hakuna mahali palipolegea. Nilikula bukari, ugali wetu, ukiwa baridi, nami nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitanyanyuka.

Jumatatu asubuhi niliamka nikakuta mbwa hayupo. Alikuwa ametafuna matete. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, safi, kama limekatwa kwa mkasi.

Sikumfuata mara moja. Nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu nimelificha kwa wengi. Nilikaa kwenye kiti changu nikavuta kitambaa cha sare za shule nilizokuwa nazo, nikaanza kukanyaga. Nilijiambia: nimefanya ninachoweza. Nilijiambia pia, na hili ndilo baya, kwamba pengine leo itakwisha.

Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja wa shati niliposikia mlio upande wa soko. Mmoja tu. Mguu wangu ulisimama juu ya kikanyagio. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni akanitazama, nami nikamtazama, kisha nikaondoka hivyohivyo na futi ya kupimia shingoni.

Nyuma ya soko, karibu na shimo la takataka, watu walikuwa wamesimama huku na huku. Chini palikuwa na gunia, na chini ya gunia miguu miwili ya nyuma, mirefu, rangi ya mchanga. Nilipiga magoti. Nilikumbuka sauti ya mke wangu: usiiache itoke. Nilianza kutafuta maneno nitakayomwambia Jumapili, na sikuyapata. Nikainua gunia.

Hakuwa yeye. Alikuwa jike mwenye maziwa, sikio moja jeusi.

Nilirudisha gunia taratibu. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Mahali fulani palikuwa na watoto wa yule mbwa. Nilisimama, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu cha kunirudisha, niliendelea kuteremka njia ya ziwani huku nikimwita kwa sauti ndogo jina alilopewa na mke wangu, jina la kubembeleza ambalo mwanaume huona haya kulipaza mbele za watu.

Ufukweni boti zilikuwa zimerudi. Wanaume walikuwa wanakung'uta nyavu, wanawake wanapima samaki kwa ndoo. Chini kidogo, mama mmoja mwenye umri wangu alikuwa anakaanga mikate ya mafuta kwenye sufuria pana, na pembeni yake, amekaa kwa adabu ambayo sijawahi kuiona nyumbani, alikuwa mbwa wetu.

"Njo wewe bwana yake?" mama yule aliniuliza. Alikuwa wa kwetu, Mkongo. Nililisikia hilo kwenye neno la kwanza, kabla hajatia Kifaransa chake. "Kaa chini, papa. Mama yake iko wapi? Depuis wiki mingi hatumuoni."

"Mama yake nani?"

"Mama ya hii imbwa. Bibi yako! Alikuwa anakuyaka hapa kila asubuhi na yeye. Wanatembea mpaka kule kwa mawe, wanarudia. Halafu anakaa pale." Alionyesha kwa kijiti cha kugeuzia mikate boti mbovu iliyopinduliwa. "Anauliza bale banatoka ngambo habari ya kwabo. Nani amekufa, nani amezaa. Kisha anaenda."

Nikamwambia kwamba mke wangu asubuhi alikuwa anakwenda kuteka maji ya bomba, kwa kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi.

"Anateka, ndiyo," alisema bila kucheka. "Akirudia."

Alinipa mkate mmoja kwenye kipande cha gazeti, na mwingine akamtupia mbwa. Nilikula. Tangu tuhamie mjini nimekuwa nikiamka na kukuta maji ndooni na chai mezani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini bomba la mita mia mbili linamchukua saa nzima. Nilikuwa nimemkataza kuzungumzia kurudi. Nilisema tumekimbia mara moja inatosha, kwamba ng'ambo pamekwisha kwetu. Hakubishana nami. Nilidhani tumekubaliana.

Nilimrudisha mbwa nikiwa nimemfunga kwa futi, na Jumapili iliyofuata nilimweleza mke wangu yote: mawe, mpapai, sindano, gunia.

"Miezi miwili unajenga lupango," alisema. "Mais ile imbwa inataka kutembea tu, papa. Mimi nilikuwa natoka nayo kila siku."

"Nimeambiwa. Juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuuliza."

Hakusema kwa ukali. Nilisikia nyuma yake mtu akikohoa, kikohozi kirefu cha mzee, naye akasema subiri, na simu ikabaki wazi huku akimpa mama yake maji.

Kesho yake nilimfunga mbwa kamba niliyoisuka kwa mabaki ya kitambaa cha sare, nikatoka naye kabla jua halijapanda. Watu walicheka. Fundi anatembeza mbwa kama muzungu! Mbwa alinivuta mpaka kwenye mawe, na kutoka mawe mpaka kwa mama wa mikate. Nyonga iliniuma njia nzima. Tulirudi, akanywa maji, akaanguka chini ya meza akalala mpaka adhuhuri. Mama mwenye nyumba alitandaza samaki wake, akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi, akaingia ndani.

Sitaki mtu afikiri kwamba tangu hapo imekuwa rahisi. Bado hutoroka siku za mvua, nisipotoka. Bado naziba matundu. Nikirudi kutoka ufukweni huanza kazi nikiwa tayari nimechoka, na sare za shule zimechelewa muhula huu, wazazi wananung'unika. Lakini mama mwenye nyumba, yule aliyenionyesha bunduki kwa kidole, sasa hunifungulia geti asubuhi, na wavuvi wa ng'ambo wameanza kunisalimu. Mwanzoni sikuwauliza chochote. Kisha siku moja nilimuuliza kijana mmoja kama mihogo ya kwao imetoka vizuri. Akasema imetoka. Ilinitosha.

Mama mkwe alifariki kabla ya mvua za kwanza. Mke wangu amebaki kwa siku za kilio na kwa mambo ya shamba. Ndugu zake hawaelewani. Hajasema atarudi lini, nami sijamsukuma. Jumapili iliyopita sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyelia akamaliza.

"Unachoka?" aliniuliza.

"Nachoka sana," nilisema.

"Na mimi."

Halafu akaniomba nimwambie nilichokiona ziwani asubuhi ile. Nikamwambia kulikuwa na upepo, kwamba boti mbili tu zilirudi, kwamba mama wa mikate anamsalimu, na kwamba milima ya kwao haikuonekana kwa sababu ya mawingu. Akasema niendelee. Nikaendelea.