Nyumba za Wazee

Mjukuu wangu ni nesi kule hospitali ya Westmead, na mimi hujivunia hilo hata kwa wasioniuliza. Jumamosi moja alinifuata kwangu Macquarie Fields. "Bibi, leo tunatembelea mji wa Windsor. Tutaona farasi na nyumba za wazee."

Nikapanda gari lake. Nyumba za wazee nazijua, ndiko Wazungu wanakowaacha mama zao. Na tangu nianguke bafuni, watoto wangu walikuwa wakinong'onezana.

Hatukuwa na mtu wa kutuongoza. Simu ndiyo iliyosema: pinda kushoto, simama hapa. Yule mwanamke wa ndani ya simu, nani kamtuma? Tulipita mashamba ya farasi waliovalishwa makoti, nikawaza, hapa nazugwa kwa farasi. Kisha tukasimama mbele ya jumba la mawe lenye baraza pana. Mzungu mmoja mzee alikuwa amekaa pale, akatupungia mkono.

"Shuka, Bibi."

"Sishuki. Nimekubeba mgongoni kwenye kambi ya wakimbizi, leo unakuja kunitupa?"

Akashangaa. "Kukutupa? Bibi, si nyumba zimezeeka? Za wazee!"

"Mzee ni mtu! Nyumba ni ya zamani! Sema: nyumba za zamani."

Alicheka mpaka machozi. "Za zamani. Bibi, wewe utakaa na sisi mpaka utuchoshe."

"Nitawachosha kweli."

Nikashuka. Lakini ufunguo wa gari nilimnyang'anya, nikautia kwenye sidiria, na mji wote tuliuzunguka hivyo.