Siku Baba Alipoyaamini Maji Mafu

Harufu ya makumbi ya nazi yaliyoozeshwa hainisumbui, ingawa majirani zangu hapa Sofu huziba pua. Mwezi uliopita fundi wa magodoro alishusha gunia la nyuzi mbichi nje ya nyumba ya pili, na mama mmoja akauliza ni panya wangapi wamefia humo. Mimi nilisogea karibu nikavuta pumzi. Kwangu ile ni harufu ya safari: naona baiskeli, mchanga unaong'aa, na baba yangu amekunja suruali mpaka magotini, anaitazama bahari kama mtu aliyevunjiwa ahadi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, enzi za Mwingereza. Tuliishi Kisarawe, kwenye vilima, ambako bahari tuliijua kwa upepo wake na kwa samaki wakavu waliotufikia sokoni. Baba alikuwa mkulima mwenye kiduka kidogo, na alikuwa mtu wa kupima mambo. Kabla ya kukata mti aliuzunguka mara mbili. Watu walimjia kuuliza siku ya kupanda, maana ya barua ya serikali, na hasa tarehe ya mwezi, kwa kuwa aliihesabu kwa mafundo kwenye uzi na Ramadhani haikuwahi kumshtukiza.

Safari yetu ilikuwa ya harusi. Shangazi Zuhura, dada pekee wa baba, alikuwa Mlingotini, upande wa Bagamoyo, alikokwenda kumuuguza mama yao mdogo. Huko akachumbiwa na fundi seremala wa palepale. Ndoa ilipangwa kufungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na kwa kuwa babu alikwisha kufariki, walii wa kumwozesha alikuwa baba. Upande wa bwana harusi walikuwa wameanza kunong'ona. Walisema huyu mwanamke wa porini pengine hana kwao, maana mwaka mzima hajaja ndugu hata mmoja kumjulia hali. Baba asipofika, ndoa ingeahirishwa na maneno yale yangeonekana ya kweli. Shangazi alituma ujumbe kwa muuza samaki: "Mwambieni kaka asiniache peke yangu mbele ya watu hawa."

Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyekwenda na baba ni mimi. Nilikaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, na kanzu ya baba nimeipakata ndani ya kikapu ili isipate vumbi. Sharti lilikuwa moja. "Miguu nje, mama, na ulimi ndani," alisema. Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Siku ya kwanza tuliteremka Pugu, tukapita Dar es Salaam, tukaenda kulala Kunduchi kwa mtu wa kwetu aliyekuwa mlinzi wa shamba la minazi. Mvua za masika zilikuwa zimeisha karibuni, na tuliambiwa barabara ya mbele ina tope na mchanga mlaini wa kuzamisha gurudumu. Lakini maji ya bahari yakitoka, mchanga wa pwani hubaki mgumu kama sakafu, na mtu huendesha apendavyo. Baada ya magharibi baba alimuuliza mzee mmoja nje ya msikiti kesho bahari itakuwaje. Mzee akajibu kwa maneno mawili tu: "Maji mafu."

Baba alirudi anasugua mikono. "Yamekufa," alimwambia mwenyeji wetu.

"Basi piteni," alisema mwenyeji. "Maiti haifukuzi mtu."

Hivi ndivyo watu wawili wazima kutoka Kisarawe walivyoihukumu bahari ya Hindi.

Tuliondoka alfajiri. Saa moja ile ya kwanza sijaisahau. Jua lilichomoza upande wa kulia, likapita chini ya mikono ya baba na kuufanya usukani ung'ae. Kaa weupe walikimbia mbele yetu kama wameitwa kwa jina. Nilipogeuka niliona alama ya magurudumu yetu, mstari mmoja usiopinda, na mbele hapakuwa na mtu wala jiwe. Upepo ulitusukuma mgongoni. Baba aliimba kasida kwa sauti ya chini, na mara moja moja akapiga kengele bila sababu. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya jambo bila sababu.

Kisha mstari wetu ukaanza kupinda. Kila mara wimbi liliposogea, baba naye alisogea kidogo kuelekea kwenye miti ya mivinje, ambako mchanga ni mlaini.

"Baba," nilisema, "hayo yaliyokufa mbona yanakuja?"

"Yanatikisika tu. Ulimi ndani."

Tulipofika Mbweni tulikuwa tunatembea, yeye anasukuma, mimi nimebeba kikapu kichwani. Kama saa nne asubuhi tukafika mdomo wa mto Mpiji. Baba alikuwa ameambiwa kwamba hapo watu huvuka kwa miguu. Alichukua fimbo akaitumbukiza kando tu ya ukingo. Fimbo ikazama yote.

Hapo ndipo ile harufu ilipotupata. Wanawake watano walikuwa wamekaa kivulini wanapiga makumbi kwa magongo ili kutoa nyuzi za kusokotea kamba. Baba alimsalimu mkubwa wao, aliyeitwa Bi Tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnakwenda wapi, na kwa nini mmepita huku?"

"Mlingotini, harusini. Tuliambiwa leo maji mafu."

"Ni mafu kweli. Ndiyo maana nauliza."

Baba akautazama mto. "Sasa kama yamekufa, mbona mto umejaa?"

Magongo yote yakanyamaza. Bi Tatu akaweka lake chini taratibu. "Kumbe mmesikia yamekufa, mkaja kuzika?"

"Muulize kama sanda ameleta," alisema mwingine.

"Ipo, mtoto kaibeba," alisema wa tatu, akionyesha kikapu changu chenye kanzu. Walicheka mpaka mmoja wao akajilaza chali. Nilitamani mchanga unimeze.

Bi Tatu alipopata pumzi alitueleza, na kwa kuwa nimeyachunguza mwenyewe baadaye, najua alisema sawasawa. Maji mafu ni maji yasiyo na nguvu. Hayajai sana, lakini hayatoki sana pia. Hubaki karibu, na asubuhi yake, saa kama ile, huwa yamejaa. Njia hufunguka siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari inapokwenda mbali kabisa. "Ungekuja bamvua, saa hii ungevuka na viatu vyako," alisema. "Leo mwezi una siku ngapi?"

"Nane," alijibu baba papo hapo.

Yule mama akamgeukia. "Unajua ni nane, halafu umekuja?"

Aliyejua tarehe ya mwezi kuliko mtu yeyote Kisarawe ndiye aliyekuwa amesimama pale. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bahari nayo inahesabu mwezi.

Walikuwa na mtumbwi, lakini ulikuwa umejaa makumbi yaliyofukuliwa topeni. Baba alivua shati akayashusha yote, mzigo baada ya mzigo, maji meusi yakimchuruzika mgongoni. Walipotuvusha, Bi Tatu mwenyewe aliishika baiskeli isianguke. Ng'ambo, baba alioga mtoni, akavaa kanzu, na bado alinuka.

Tulishika njia ya ndani kwa safari iliyobaki, naye aliendesha kwa nguvu zote, bila kasida. Mimi nilikuwa nafikiri. "Baba," nilisema, "tuseme tumepata pancha."

"Pancha ya wapi? Mpira mzima."

Tulifika watu wanatoka msikitini. Walikaa mkekani, na baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mwenye sauti nyororo, akampa baba mkono, kisha akauvuta mkono wake akaunusa. "Karibu, shemeji. Tulikwisha kata tamaa. Kwani Kisarawe siku hizi mnapiga makumbi?"

Watu wakatabasamu kwa namna nisiyoipenda. Baba angeweza kusema pancha. Badala yake alikaa vizuri, akaibana kanzu magotini, akawasimulia yote: mzee wa msikitini, maiti isiyofukuza mtu, fimbo iliyozama, sanda kikapuni, na ile siku ya nane. Hakuruka kitu. Kicheko kilianza mkekani kikapita ua mpaka kwa wanawake. Ndoa ilifungwa watu wangali wanafuta machozi. Mimi nilikaa nyuma ya mlango, nimemkasirikia baba kwa kutuaibisha bure, na nilirudi Kisarawe kwa njia ya barabara bila kusema naye sana.

Nilikuwa karibu kuolewa mimi mwenyewe shangazi aliponieleza kilichofuata. Wiki yake ya kwanza ukweni alifua kanga za mama mkwe, akazianika kwenye mawe ya pwani yaliyokuwa makavu kabisa, akaenda kupika. Aliporudi, mawe hayakuonekana na kanga hazikuwepo. Alimwita mama mkwe, anangoja kuitwa mtu wa porini. Yule mama alitazama maji, akamtazama yeye. "Huyu ni dada yake yule wa maji mafu," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika mkono, akaanza kumfundisha kuhesabu siku za mwezi kwa vidole, kama wafanyavyo wao.

Sikuwahi kumuuliza baba kama alikusudia wamcheke. Nadhani alipima, kama alivyopima kila kitu. Sisi tulikuwa na baiskeli, na kesho yake tungeondoka. Dada yake ndiye angebaki kuishi na watu wale, na baba hakutaka awe mtu wa kwanza wa ukoo wetu kukosea mbele yao.